Mstari wa Saba

Kituo cha umeme, bwawani
Ijumaa, 3 Machi

Mdogo wangu,

Jana mchana niliingia kwenye kompyuta yako nikiwa hapa hapa nilipo, siku mbili za njia, nikafuta takataka zote zilizokuwa zinaikwamisha. Sasa ile tasnifu ya mteja wako mwenye haraka unaweza kuipanga kurasa bila mashine kukuzimikia katikati. Ila kuingia kulinitoa jasho, maana sikuwa na anwani. Nilishakueleza: kila nyumba yenye intaneti ina anwani yake ya namba, na ya kwenu haitulii. Umeme ukikatika, kile kisanduku cha ruta kikizimika na kuwaka tena, kampuni ya kina shemeji inawapa namba nyingine, na mimi huku nabaki kubisha hodi kwa jirani.

Kwa hiyo nimekuwekea skripti. Usilikimbie neno. Ni maagizo kumi na moja tu niliyoyaandika kwenye faili, na kompyuta inayasoma kutoka juu kwenda chini. Kila ikiwashwa, na kila saa baada ya hapo, inaiuliza seva moja huko nje: unaniona natokea anwani gani? Ikipata jibu inalilinganisha na la mwisho. Likiwa lile lile, inanyamaza. Likibadilika, inaniandikia barua. Barua hiyo haipiti kwenye sanduku lako wala la mtu mwingine, mashine inaituma yenyewe moja kwa moja. Mstari wa saba ndio wenye jina la anayepelekewa, na kwa sasa jina ni langu peke yangu. Nimeipenda kazi hii mpaka nimejicheka.

Huku simu hazishiki kabisa, na mtandao tunafunguliwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa sita mchana hadi saa saba. Mkuu wa kituo anasema tulikuja kuangalia mitambo, hatukuja kuangalia watu.

Msalimie sana shemeji. Na mpwa wangu Kitunguu je, bado anamliza kila mtu humo ndani?

Kaka yako,
Fundi

*

Kwa: Fundi
Alhamisi, 9 Machi, saa nne na dakika mbili asubuhi

Shikamoo bosi. Anwani ya nyumbani imebadilika. Ilikuwa 203.0.113.48. Sasa ni 203.0.113.201. Mimi ni mashine, nimetumwa tu.

Kompyuta ya nyumbani

*

Jumamosi, 11 Machi

Kaka, shikamoo.

Sisi hatujambo. Kitunguu hajambo, baba Kitunguu naye hajambo. Mashine inakwenda vizuri na tasnifu ya yule bwana nimeimaliza, ameshukuru. Nimeihamishia chumba kingine chenye mwanga zaidi, ndiyo maana ilizimwa siku ile. Sitaki uwaze kwamba kuna jambo.

Simu yangu imeharibika, kwa hiyo ukifika mahali penye mtandao wa simu usihangaike kunipigia. Usipige na ile ya baba Kitunguu, siku hizi ana kazi nyingi. Niandikie kwenye barua pepe hii mpya. Ile ya zamani ilijaa matangazo. Ninasoma kwenye kompyuta tu.

Kitunguu halizi mtu tena. Amejifunza kutembea kwa ncha za vidole, anapita nyuma yako usimsikie. Hatujambo wote, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 13 Machi

Shemeji yangu mpenzi,

Habari za maji na mitambo? Sisi tunakukumbuka. Hapa ofisini nikiwasimulia wenzangu kwamba nina shemeji anayeitengeneza kompyuta ya dada yake akiwa siku mbili za njia, hawaamini. Nawaambia huyo ndiye fundi, sisi tunavuta nyaya tu.

Nina ombi dogo. Dada yako ameniambia kuhusu ile skripti yako inayotaja anwani. Mashine inamsumbua tena, lakini unamjua, hataki kukuchosha, na mimi nikiwa kazini siwezi kurudi kila ikikwama. Ungeniweka na mimi kwenye orodha ya wanaopelekewa, ningekuwa naingia kutoka hapa hapa mezani kwangu na kuirekebisha kabla hajakasirika. Usimwambie kwanza. Ataona tunamfanya hajui kazi yake, na mimi ndiye nitakayelala na njaa.

Kitunguu anakusalimu. Anakuulizia kila siku.

Shemeji yako

*

Jumanne, 14 Machi

Shemeji,

Hilo nalo ni la kuombwa? Nimeshaingia na kukuongeza kwenye mstari wa saba, jina lako linafuata langu. Nilikuwa nawaza ni nani atakayemwangalia mdogo wangu mimi nikiwa huku, kumbe mtu yupo. Anwani ya sasa sikutumii, maana wewe unaiona kwenye mitambo yenu hapo ofisini kabla hata yangu haijafika. Umeme ukikatika au ruta ikizimwa, namba ikibadilika, utapata barua dakika ile ile nitakayopata mimi. Na wewe utaisoma kwanza, maana mimi nasubiri saa sita.

Sitamwambia. Siri yetu.

Fundi

*

Jumanne, 14 Machi

Asante sana. Nasubiri.

Shemeji yako

*

Ijumaa, 17 Machi, alasiri

Kaka,

Nimeanza barua hii mara tatu na kuifuta. Sasa nitaandika bila kurudi nyuma.

Sikuhamisha kompyuta chumba. Nilihama nyumba. Tarehe tisa, alipotoka kwenda kazini, nilimchukua Kitunguu, nguo za begi moja, na mashine, kwa sababu bila mashine sina cha kumlisha mtoto. Simu niliiacha mezani. Alininunulia yeye, na siku zote alikuwa anajua nilipo hata nikienda dukani.

Kaka, ananipiga. Si jana wala juzi. Mwaka juzi nilikuandikia kwamba nimeanguka kwenye ngazi nikavunjika mkono, ukanijibu kwa utani kwamba tangu utotoni nilikuwa na miguu miwili ya kushoto. Nyumba yetu haina ngazi. Ulikuja ukakaa siku tisa, unajua haina ngazi. Nilingoja uniulize, hukuuliza. Sikulaumu, naye akiwa mbele za watu ni asali. Lakini mwezi uliopita alimwinua Kitunguu kwa shingo ya gauni lake kwa sababu alicheka wakati taarifa ya habari inasomwa. Tangu siku ile mtoto anatembea kwa vidole. Ndipo nikajua nitaondoka.

Tuko kwenye chumba cha nyuma kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo asiyeuliza mengi. Intaneti ni yake, kwa jina lake. Ni ya kampuni ile ile ya kina baba Kitunguu, maana mji huu hauna nyingine, lakini jina langu halipo popote, kwa hiyo hata akipekua vitabu vyao vyote hatanipata. Hilo tu ndilo linalonipa usingizi. Aliapa mbele ya mtoto kwamba nikiondoka atanitafuta, na akinipata sitaondoka tena. Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Huwa hapazi sauti.

Usimwambie chochote. Akikuandikia, jibu salamu basi.

Leo jioni fundi umeme wa mwalimu anakuja kubadilisha nyaya, atakata umeme wa nyumba nzima mpaka Jumapili. Nitaiwasha mashine Jumatatu asubuhi, nina kazi ya mtu ya kukabidhi. Nitasoma jibu lako siku hiyo. Nisamehe kwa kukuficha. Ninaogopa sana, kaka.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 18 Machi, saa sita na dakika ishirini mchana

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, na dakika zangu zinahesabika. Nianzie kwenye ubaya.

Mumeo yuko kwenye mstari wa saba. Nimemweka mimi kwa mkono wangu. Aliniandikia Jumatatu, akanivika kilemba cha ukoka, fundi hivi, fundi vile, nami nikainua kichwa kinikae vizuri. Alisema mashine inakusumbua na nisikwambie kitu, akasema Kitunguu ananiulizia. Wakati huo mlikuwa mmeshaondoka siku nne. Niliisoma barua yako iliyosema hatujambo mara tatu, na sikusikia kitu.

Sikiliza sasa. Skripti haijui kama umehama. Inataja anwani ya mahali mashine ilipo. Jina lako halipo kwenye vitabu vyao, lakini hahitaji jina. Akipata ile namba, anaiandika kwenye mitambo ya ofisini kwake, na inamwambia ni ruta ipi, ya mteja yupi, nyumba ipi. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu wa kazi ile. Mpaka leo hajapata barua hata moja, kwa sababu namba haijabadilika tangu nilipomwongeza. Lakini fundi amekata umeme. Jumatatu ruta itawaka na namba mpya, nawe utaiwasha mashine, na kitu cha kwanza itakachofanya, kabla hujafungua hata barua hii, ni kumwandikia.

Nimejaribu kuingia nifute jina lake. Mashine imezimwa, hakuna pa kuingia. Nataka kukuambia usiiwashe, na barua ya kukuambia hivyo huwezi kuisoma mpaka uiwashe. Mkuu wa kituo amenipa redio, nimewapata polisi wa mjini. Wamekuwa wapole. Wameniuliza dada yako yuko mtaa gani, nikasema sijui. Nyumba ya nani? Nikasema ya mwalimu. Mwalimu gani? Wakaniambia nikijua niwapigie tena.

Kwa hiyo, ukiwa unasoma hapa, barua yake imeshakwenda. Usikae kuijibu hii. Mchukue mtoto, mwambie mwalimu ukweli wote, na mtoke nyote watatu, na yeye pia, asibaki peke yake ndani ya nyumba ile.

Kuna jambo moja naweza kufanya, na nitalifanya sasa. Barua za mashine hazina sahihi wala muhuri. Hata mimi naweza kuandika kama mashine. Nitampelekea anwani kabla yako wewe hujampelekea. Nilifikiria namba yoyote tu, nikaona nyuma ya namba yoyote kuna watu wanaoishi. Nitampa ya hapa, na kwenye namba ya zamani nitaandika ile ya nyumbani kwake. Ataona ni ya bwawani, ataamini umekimbilia kwa kaka yako, maana hata mimi ningeamini. Njia ya kuja huku simu zinakufa baada ya saa tano za safari. Akiondoka kesho, Jumatatu asubuhi atakuwa mahali ambapo barua ya kweli haimfikii.

Akiondoka. Asipoondoka, sijui.

Nisamehe ile ngazi.

Fundi

*

Kwa: Fundi, Shemeji
Jumamosi, 18 Machi, saa sita na dakika hamsini na tano mchana

Shikamoo bosi. Anwani ya nyumbani imebadilika. Ilikuwa 203.0.113.48. Sasa ni 198.51.100.6. Mimi ni mashine, nimetumwa tu.

Kompyuta ya nyumbani

*

Jumapili, 19 Machi, saa kumi na moja alfajiri

Shemeji,

Kumbe yuko kwako. Wiki nzima unanijibu vizuri, siri yetu, siri yetu, na yeye amekaa hapo hapo anasoma.

Sina hasira. Nakuja tuzungumze kama watu wazima. Mwambie asijisumbue kufunga begi.

Shemeji yako

*

Kwa: Fundi, Shemeji
Jumatatu, 20 Machi, saa mbili na dakika nne asubuhi

Shikamoo bosi. Anwani ya nyumbani imebadilika. Ilikuwa 203.0.113.201. Sasa ni 203.0.113.77. Mimi ni mashine, nimetumwa tu.

Kompyuta ya nyumbani

*

Jumatatu, 20 Machi, saa mbili na nusu asubuhi

Kaka,

Nimesoma. Nilisoma nimesimama.

Nimeifungua faili yako kwa kufuata maelezo yako ya zamani. Nimeufuta mstari wa saba, kisha nikaifuta yote kumi na moja. Najua imeshachelewa. Nilitaka tu mikono yangu iifute.

Nina hasira na wewe, na sitaki kukuficha hili pia. Uliniwekea kitu nyumbani kwangu kinachosema nilipo, hukuniuliza kama nataka. Kisha mwanamume akakuomba ufunguo wake, ukampa papo hapo, na akakwambia usinijulishe, ukaona ni utani. Ungeniandikia mstari mmoja. Shemeji ameomba hivi, unasemaje? Mstari mmoja tu, kaka. Ningekuwa nimelala usingizi leo.

Na najua umemwita kwako ili asije kwangu, na kwamba ana mikono mizito na wewe hujawahi kupigana na mtu. Hilo nalo naogopa. Nakuogopea wewe na kukukasirikia kwa wakati mmoja, sijui moyo unavipanga wapi.

Mwalimu yuko mlangoni na mkoba wake. Nilipomweleza aliuliza swali moja tu, kama mtoto ameshakula. Anatupeleka kwa watu wanaojua kazi hii. Sitakuandikia ni wapi. Si kwa sababu sikuamini. Ni kwamba atakuuliza, na wewe hujui kudanganya uso kwa uso, unaanza kupangusa miwani. Nataka akikuuliza useme hujui na iwe kweli.

Mashine naiacha. Nitatafuta kazi nyingine. Kitunguu ananiuliza kwa nini nalia, nimemwambia ni yeye, ndiyo kazi yake.

Mdogo wako

*

Jumatano, 22 Machi, saa sita na dakika arobaini mchana

Mdogo wangu,

Alifika jana saa kumi alasiri, kwa gari la kukodi, amevaa shati lililopigwa pasi. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha walinzi tangu asubuhi. Barua ya mashine ya Jumatatu niliikuta kwenye sanduku langu, nikaifuta bila kuifungua. Namba yenu mpya siijui.

Alinisalimia vizuri. Aliniuliza habari za kazi, akaomba maji ya kunywa, akanywa yote, akamrudishia mlinzi kikombe na kumshukuru. Kisha akaniambia, "Haya, mwite." Nilimwambia hayupo hapa. Akatabasamu. Mdogo wangu, nimekaa na mtu yule siku tisa meza moja, na sijawahi kuuona uso ule. Haukuwa na hasira hata kidogo. Aliniambia, "Shemeji, ile mashine yako haidanganyi. Wewe ndiye unayedanganya." Nikajua naipangusa miwani.

Niliogopa, nakwambia ukweli. Walinzi wanne walikuwepo, na bado niliogopa, nikawaza ulivyokaa naye miaka yote hiyo bila mlinzi hata mmoja.

Hapa kuna geti la pili, ambalo mgeni halivuki bila kibali cha wizara. Akilivuka anakamatwa na kuwekwa ndani mpaka polisi wa wilaya waje kumhoji. Imeandikwa kwa herufi kubwa, lakini yeye alikuwa hasomi maandishi. Nikamwambia, "Yuko chumbani kwangu, nyuma ya ile nyumba ya mitambo. Nenda mwenyewe." Nikasimama pembeni. Alipita karibu yangu, nikasikia sabuni ya shati lake. Walimkamata kabla hajafika hatua kumi. Hakupigana. Aligeuka tu akanitazama, akaniambia kwa ile sauti ya chini, "Njia ya kurudi naijua." Nilimsikia, na walinzi walimsikia, ila wao hawakuelewa.

Polisi wa wilaya wamefika leo. Nimewaeleza yote, na nimewaonyesha barua zako tatu na zake zote, naomba unisamehe kwa hilo. Wameandika. Wamesema kosa la geti ni dogo, na hayo mengine mpaka mwenyewe aje kushtaki. Kesho saa sita mchana wanamwachia.

Kuanzia hapo hesabu ni hii. Siku moja na nusu ya gari, kisha simu yake itashika. Barua ya kweli itaingia pamoja na salamu za watu wengine, naye ataifungua, na atajua nyumba ya mwalimu kabla hajafika mjini. Mwalimu asirudi kuchukua kitu. Hata nguo, hata paka kama ana paka, asirudi. Kama kuna mtu wa mwalimu anayekwenda kumwagilia maua, azuiwe. Polisi wa mjini nimewapigia tena kwa redio, nimewapa ile namba ya tarehe tisa, nimewaambia waiulize kampuni ilitoka nyumba gani. Wamesema kampuni haitoi habari za wateja wake kwa mtu yeyote.

Sijui kama unayo kompyuta mahali ulipo. Sijui kama utaisoma barua hii, au itakaa hapo na wewe huna habari. Nimekuwa nikijua ulipo kila siku kuanzia siku ulipozaliwa, na sasa sijui hata kama ni mashariki au magharibi, na ninaomba niendelee hivyo hivyo. Atakuja tena kuniuliza, au atamtuma mtu mpole mwenye maneno matamu, au ataandika kwa jina lako. Barua yoyote itakayokuja na jina lako kuanzia leo sitaiamini, nitaifuta.

Kwa hiyo usinijibu.

Kaka yako